Koti la Kijani na Mbwa Mfupi

Jumatatu, 2 Juni

Namsifu,

Kaptula nane za sare zimeisha, mke wangu, zimebaki sita. Nashona polepole kwa sababu ya mbwa. Amelala tena chini ya cherehani, kichwa juu ya pedali. Nainama, namsogeza kwa kiganja. Anatetemeka. Nashona kidogo, anarudi. Sijawahi kuchelewesha sare za shule tangu unijue.

Hujawahi kuniona naandika zaidi ya vipimo vya watu. Daftari ni lile lile la vipimo. Nimeligeuza, nimeanzia nyuma.

Leo ni siku ya kumi naye. Wale vijana wa kujitolea wanaookoa wanyama walikuja kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikuwa nimepeleka sketi. Huyu alikuwa ndani ya tenga, watu wamemzunguka wanacheka. Mrefu kama mfuko wa mwavuli, miguu haifiki shibiri. Kiongozi wao ni binti anaitwa Rehema, mwalimu wa Moshi. Alisema aina yake ni dakshundi, mbwa wa Ulaya wa kuingia kwenye mashimo. Watu wakazidi kucheka.

Mwaka mzima watu wananiangalia kwa huruma. Mbwa hakuniangalia kabisa. Nadhani ndiyo sababu nilimchukua.

Karatasi ilikuwa na masharti. Alale ndani ya nyumba. Asifungwe mnyororo. Asifungiwe chumbani peke yake. Rehema atakuja tarehe 28. Kama mbwa hali vizuri, au hanijii kwa hiari yake, watamchukua. Nikatia sahihi. Palikuwa na nafasi ya kazi na ya hali ya ndoa. Nikaandika: fundi cherehani, mgane. Mara yangu ya kwanza kuliandika neno hilo.

Wamempa jina la Biskuti. Naliita kwa kunong'ona.

Jumatano, 4 Juni

Nimemtoa matembezi, maana karatasi inasema atembezwe. Nilipita njia ya nyuma. Hata hivyo pale kwenye kibanda cha kahawa walituona.

"Fundi, huyo mbwa au treni ya Tanga?"

"Miguu umempunguza wewe? Umezidisha, fundi! Mrudishie pindo!"

Hata mimi nilitaka kucheka. Lakini Mzee Kajiru alikuwepo, mzee wa kanisa, na yeye hakucheka. Akauliza kama ni kweli namlaza ndani, kwenye nyumba ya marehemu. Nikajibu haraka, "Si wangu, mzee. Ni wa wenyewe, namshikia tu."

Mbwa alikuwa ameweka kidevu juu ya kiatu changu. Mara ya kwanza kunigusa mwenyewe. Na mimi ndiyo nasema si wangu.

Nimeona aibu hadi masikio yamewaka. Nimeshangaa pia jinsi uongo ulivyotoka bila kukwama. Lakini si wa kwanza. Wewe unajua.

Ijumaa, 6 Juni

Hali chakula. Nilimpa makande, akanusa, akageuka. Mpare gani asiyekula makande, nikamwambia. Nikampa maini. Dagaa. Uji. Anakula nisipomtazama, vijiko viwili, basi. Mbavu zinahesabika.

Nikampigia Rehema. Akanieleza jambo ambalo hakunieleza siku ile. Mwenye mbwa wa kwanza alihama, akamfungia stoo na ndoo ya maji. Watu walikuja kumtoa baada ya siku nyingi.

"Ndiyo maana habweki, mzee. Alibweka, hakuna aliyekuja. Akaacha."

Nimekaa muda mrefu bila kushona.

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi kutoka kanisani, nimekuta mfuko wa vipande vya vitambaa umepasuliwa. Vipande vimetapakaa sebuleni. Mbwa amelala usingizi, mara yangu ya kwanza kumwona amelala kweli, tumbo juu. Amelalia koti lako la kijani.

Sikumwamsha. Nilikaa kwenye stuli na nguo za kanisani.

Sasa niandike, maana sijawahi kumwambia mtu.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, ukoo ulikaa uani kwetu mlimani kugawa nguo zako. Nguo za mke zinarudi kwa ndugu zake, na ndivyo inavyotakiwa. Dada yako Niwaeli hakutaka kitu kingine. Aliuliza moja tu. "Koti la mama liko wapi?" Alikuwa na haki. Mama yenu alilivaa akienda sokoni Ugweno na ukungu wote ule, akakuvisha wewe siku ulipoletwa kwangu. Ukaja nalo Same, kwenye joto hili, tukacheka. Ulikuwa unalitoa Juni na Julai tu, alfajiri, ukiwasha moto. Kola niliigeuza mwenyewe. Bitana, kile kitambaa cha ndani, niliibadilisha mara tatu. Ya mwisho ni ile ya rangi ya kahawia, ukasema inateleza vizuri mkono ukiingia.

Nikawaambia, mbele ya wazee wote, "Amezikwa nalo."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Shemeji Niwaeli aliniangalia. Kisha akasema, "Haya. Basi hana baridi." Akachukua vitenge viwili na sufuria.

Koti lilikuwa hapa, ndani ya mfuko, chini ya cherehani. Nililificha asubuhi ile uliyofariki, kabla sijampigia mtu simu. Kabla sijampigia hata mtoto wetu.

Nimeiba nguo ya maiti na kumsingizia maiti mwenyewe. Hakuna namna nyingine ya kuliandika.

Jumanne, 10 Juni

Amekula. Makande, sahani nzima, kwa sharti kwamba sahani iwe juu ya koti. Amemaliza, amelamba, amenitazama. Macho ya kahawia.

Nimejaribu kulitoa koti nilikunje. Akaingia chini ya kitanda hadi jioni. Nimelirudisha. Akatoka.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji Niwaeli amepiga simu kutoka Shighatini. Anashuka Alhamisi ijayo, jumuiya itasali hapa nyumbani kwa kutimia mwaka mmoja tangu ufariki. Ameuliza nina sukari ya kutosha. Ameuliza afya yangu. Sauti yake inafanana na yako ikiwa kwenye simu. Nilishika simu kwa mikono miwili.

Atalala kwa binamu yenu, sio hapa. Nimeshukuru. Kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Jumapili, 15 Juni

Anapiga mkia pedali ikigonga. Mara mbili leo. Amenifuata hadi jikoni akiburuta koti kwa mdomo, sentimita kwa sentimita, kama mtu anahama nyumba.

Sijacheka hivyo mwaka huu. Halafu nikakumbuka Alhamisi.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika upesi nisije nikaanza kujitetea.

Saa sita mchana nilimbeba mbwa, nikabeba na koti, nikaviweka stoo nyuma ya nyumba. Niliweka maji. Nikafunga mlango kwa komeo. Nilijiambia ni saa mbili tu. Nilijiambia ana koti, hataogopa. Ukweli ni kwamba ningemwacha nje angeliburuta koti hadi katikati ya watu, na Shemeji Niwaeli angeliona.

Watu walikuja wengi. Nyimbo zako ziliimbwa. Mzee Kajiru aliomba muda mrefu. Shemeji alileta mkungu wa ndizi na maparachichi, akapika mwenyewe. Akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, nasikia una mbwa. Yuko wapi?"

"Wenyewe wamekuja kumchukua."

Watu wakacheka kidogo. Mmoja akasema afadhali, angekanyagwa na kuku.

Wakati wote wa ibada masikio yangu yalikuwa stoo. Nilingoja abweke. Hakubweka. Mzee Kajiru aliposema tushukuru kila mtu kwa lake moyoni, mimi nilimshukuru Mungu kwa ule ukimya. Katika sala ya mke wangu. Nilishukuru kwamba mnyama ameshakata tamaa kiasi cha kutobweka.

Saa mbili hazikuwa mbili. Shemeji alikaa, akanywa chai, akazungumzia utoto wenu. Aliondoka saa kumi na mbili.

Nilifungua. Joto la mabati lilinipiga usoni. Ndoo imepinduka. Koti limelowa mkojo. Yeye hakuwa juu ya koti. Alikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, amejikunja, kucha mbili zimevunjika. Chini ya mlango mbao imekwaruzwa hadi nyeupe.

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Alikuwa ananijua vizuri sana. Alikuwa amenifananisha na yule wa kwanza, na hakukosea.

Ijumaa, 20 Juni

Chini ya kitanda. Hali. Hanywi nikiwepo. Nimelala sakafuni pembeni ya kitanda nimwone. Amegeukia ukuta.

Sijafungua kazi. Mwalimu mkuu amekuja kuulizia kaptula, nimemwambia naumwa. Uongo mwingine.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefua koti. Maji baridi, sabuni ya kipande, bila kusugua, kama ulivyonifundisha. Limeanikwa kivulini.

Limekauka jioni. Nimelinusa. Harufu yako haimo tena. Nililiiba kwa ajili ya harufu hiyo, na nimeitoa kwa mkono wangu.

Nimelia kwa sauti. Mbwa ametoa pua chini ya kitanda, akairudisha.

Nitakwenda Shighatini. Sitampigia simu shemeji kwanza. Kwenye simu nitadanganya.

Jumatatu, 23 Juni

Nimerudi. Mikono imechoka, lakini niandike.

Nilimpakata mbwa ndani ya kikapu, koti limekunjwa chini yake. Hakukataa kuingia, kwa sababu ya koti. Basi liliposimama Lembeni, mwanamke anayeuza vitunguu akachungulia kikapuni. "Baba, nilidhani umebeba mihogo!" Nikamwambia ni mbwa wangu. Lilitoka lenyewe. Wangu.

Huko juu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Shemeji alikuwa shambani, anachimbua magimbi. Nilimwamkia, shikamoo. Akaitika marahaba, akafuta mikono kwenye kanga, akaangalia kikapu.

"Wenyewe wamemrudisha?"

Nilimtoa mbwa, nikalitoa koti, nikampa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yakapotea yote. Nikasema, "Hakuzikwa nalo."

Alilipokea. Akalikung'uta, kama mtu anayepokea nguo kutoka kwa fundi. Akaangalia kola, akaangalia vifungo. Kisha akasema taratibu kabisa:

"Shemeji, Namsifu alivalishwa na nani?"

Ndipo nilipoelewa. Wanawake ndio waliokuosha na kukuvalisha. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi la hospitali, nimeshika kofia. Yeye ndiye aliyekuwa ndani. Yeye ndiye aliyekufunga vifungo vya gauni jeupe. Mwaka mzima nimeutunza uongo ambao yeye alijua ni uongo kabla sijafunga mdomo.

"Mbona hukusema mbele ya wazee?"

"Niseme kwenu Wapare, mimi wa Ugweno? Nyie kwa kesi ya kuku mnauza ng'ombe. Mngekaa vikao hadi leo." Akacheka. Mimi sikuweza. Akaacha kucheka. "Ulikuwa umekonda. Nikasema, mwache. Atalileta mwenyewe. Alhamisi nilikaa hadi jua linazama nikikungoja useme. Nikanywa vikombe vinne vya chai nisivyovitaka."

Vikombe vinne. Na mimi nilikuwa nahesabu dakika aondoke.

Nikamweleza na la stoo. Sikutaka libaki hata hilo. Hapo ndipo alipokasirika. La koti alinisamehe akiwa amesimama. La mbwa alikaa chini kwanza. Akasema, "Alikuwa pale nyuma wakati tunaimba?" Akamtazama mbwa. "Hilo sina la kukusaidia. Huyo ndiye wa kumwomba radhi, na hasemi."

Alilivaa koti palepale alipokaa. Lilimkaa vizuri kuliko nilivyotegemea, mabega yenu ni yale yale. Mbwa akajiburuta hadi kwenye pindo, akalala juu ya sehemu iliyogusa chini. Shemeji akamtazama. "Mnyama gani huyu, tumbo linafagia uwanja." Lakini hakusogea. Alikaa hivyo hivyo asimwamshe.

Kisha akauliza, "Bitana hii ni ya nani?"

"Ni kazi yangu. Niliibadilisha mara tatu."

"Koti ni la mama. Bitana ni yako. Toa cha kwako."

Akalivua taratibu, akaniletea wembe. Nikakaa kwenye kizingiti cha jiko lake nikafumua, mshono baada ya mshono, uzi wangu mwenyewe. Kwenye mfuko wa ndani nilikuta nimeshona mara mbili. Nilisahau. Ulikuwa unaweka funguo, ukasema mfuko unatoboka. Mikono yangu inakukumbuka vizuri kuliko mimi.

Ilipotoka yote shemeji alilivaa tena koti, akakaa, mbwa akarudi kwenye pindo, na mimi nikaitandaza bitana mapajani nione kama imepasuka. Mbwa aliondoka kwenye pindo la shemeji. Akavuka uwanja, polepole, akichechemea kwa zile kucha. Akasimama mbele yangu. Akapanda mapajani.

Hakuna aliyemwita. Sikumgusa. Niliogopa kwamba mkono wangu utamkumbusha.

Shemeji alirudi kwenye magimbi yake.

Jumamosi, 28 Juni

Rehema amekuja saa nne. Mbwa amekula mbele yake, makande, juu ya bitana. Amenijia mwenyewe. Rehema alifurahi, akaanza kujaza karatasi yake. Ningenyamaza ingekwisha hapo.

Nilimwambia nina jambo. Nikampeleka stoo, nikamwonyesha mlango. Nikamwambia siku, saa na sababu. Alichuchumaa, akapitisha vidole kwenye mikwaruzo. Ni msichana mdogo kwangu, umri wa mwanetu, na mimi nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitiwa wazazi.

"Mzee, ungenyamaza nisingejua."

"Najua."

"Tulikuchagua kati ya watu ishirini waliojiandikisha siku ile. Kwa sababu ya upole wako."

Hilo lilinichoma kuliko angenitukana. Akafunga karatasi bila kuimaliza. Akasema haamui peke yake, wenzake watakaa leo jioni, atanipigia Jumatatu. Kama ni kumchukua, atakuja mwenyewe mchana huo huo. Nimwandae.

Nimwandae vipi? Nimempigia pasi bitana yake. Hicho tu ndicho ninachojua kufanya.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa naye.

Mzee Kajiru amepita baada ya ibada kuniangalia. Amemkuta mbwa mlangoni. "Fundi, ulisema wenyewe wamemchukua."

"Nilidanganya, mzee. Ni wangu. Hadi kesho, ni wangu."

Amenitazama, amemtazama. Akaomba maji ya kunywa. Akanywa amesimama, akaenda zake. Kesho kanisa zima litajua. Sawa.

Jumatatu, 30 Juni

Rehema amepiga saa saba. Abaki. Watakuja kila mwezi kwa mwaka mmoja, bila taarifa. Na mlango wa stoo uondolewe.

Nilikuwa nimeshaung'oa alfajiri, kabla sijajua. Nimeulaza juu ya mapipa mawili, umekuwa meza ya kupigia pasi. Ile mikwaruzo nimeiacha upande wa juu. Nitakuwa naiona kila nikinyoosha kaptula ya mtoto wa mtu.

Jioni nimemtembeza. Tumepita njia ya mbele. Kwenye kibanda cha kahawa alinusa mguu wa benchi, akachelewa. Nikamwita. Biskuti! Kwa sauti, watu wote wakasikia. Wamecheka hadi mmoja akamwaga kahawa. Yeye akaja mbio na vile vimiguu, masikio yanapepea.

Baridi imeanza kweli. Nimeamua kumshonea godoro, bitana iwe juu. Nimechukua vipimo. Mgongo, sentimita arobaini na moja. Shingo, thelathini. Nimegeuza daftari niviandike mahali pake, huko mbele. Nimefungua ukurasa wa kwanza. Vipo vyako pale, kifua, kiuno, urefu wa mkono, kwa penseli, na jina lako nimelikosea kwa sababu nilikuwa sijakujua. Nimeandika vyake chini ya vyako.

Amelala sasa. Miguu inatapatapa kidogo, anakimbia ndotoni.

Namsifu, huko uliko, ukipumzika kidogo, unikumbuke.